Mvua ni Ile Ile, Ardhi Ndiyo Iliyogeuka

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Malindi na Kilifi

Leo tumeombwa tuzungumze juu ya maji ya mvua. Huenda mmoja wenu anajiuliza moyoni: "Juu ya mvua kuna jambo gani la kufundishana? Mvua inanyesha, tunalima, basi." Ni kweli, kwa habari ya mvua ya shambani ninyi mnajua kuliko sisi. Lakini leo tunataka kuitazama mvua inayoanguka juu ya lami, saruji, kabro na mabati. Mvua hiyo inatoka wingu lile lile, lakini ikifika chini ina tabia nyingine kabisa.

Na kwa nini tuwaletee watu wa vijijini habari za mjini? Kwa sababu mji unatufuata tulipo. Tazameni Mtwapa. Wazee wanaikumbuka ikiwa minazi na mashamba, na leo ni mji mkubwa. Tazameni Gede, Matsangoni, Gongoni na Kaloleni. Palipokuwa na duka mbili na mwembe mmoja, sasa pana safu ya maduka, stendi ya matatu na uwanja wa kabro. Kijiji cha leo ni mtaa wa kesho. Basi ni afadhali tujue mapema maji yatafanya nini, kuliko kuja kufundishwa na mafuriko.

Maji ya mvua huenda wapi shambani?

Tuanze na lile mnalolijua. Mvua ikianguka shambani haikimbilii bondeni mara moja. Matone ya kwanza hupokewa na majani ya mwembe na mkorosho. Yanayofika chini hukuta majani makavu, nyasi, na ardhi iliyotobolewa na mizizi, mchwa na nyungunyungu. Na sehemu kubwa ya ardhi ya ukanda wetu wa pwani ni mchanga, nao mchanga hunywa maji haraka.

Sehemu ya maji hayo hunyonywa na mizizi na kurudi hewani kupitia majani. Sehemu nyingine hushuka polepole mpaka kwenye mawe ya matumbawe yaliyo chini yetu, na huko ndiko visima vyetu vinakopata maji. Yanayobaki juu ndiyo yanayotiririka, tena kwa mwendo wa kobe, maana kila jani na kila tuta huyazuia njiani.

Hatusemi shamba halina kikomo. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo ardhi hushiba, na maji yanayofuata hutiririka. Lakini shamba hutupa muda.

Na juu ya lami?

Lami haina kinywa. Saruji haina kinywa. Bati halina kinywa. Mvua ikianguka hapo hainyweki, kwa hiyo karibu yote huondoka, na huondoka sasa hivi. Hapo mambo matatu hubadilika kwa pamoja.

Kwanza ni wingi. Maji ambayo zamani yangezama ardhini sasa yote yako juu.

Pili ni mwendo. Hakuna jani wala tuta la kuyazuia. Na maji yakiongeza mwendo mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne. Ndiyo maana maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 15 tu, hayafiki hata nusu ya muundi, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Mtoto anayevuka kwenda shule hana haja ya mto mkubwa ili achukuliwe. Mtaro wa barabarani unatosha.

Tatu ni wakati. Maji ya paa, ya uwanja na ya barabara hufika mahali pamoja katika dakika zile zile. Mtaro ambao ungeweza kuyapitisha kwa saa tatu huambiwa uyapitishe kwa nusu saa. Utaweza wapi?

Hata paa la makuti lilikuwa na adabu yake. Lilinyonya kidogo, kisha likadondosha maji pole pole kuzunguka nyumba nzima. Bati huyatupa yote chini kwa mkupuo. Hatusemi mrudi kwenye makuti. Bati lina faida yake, na tutaifikia.

Mkitaka kuhakikisha, fanyeni jaribio hili mbele ya kikundi. Mwageni kopo la lita mbili chini ya mkilifi, palipo na majani. Mwageni kopo jingine juu ya sakafu ya saruji ya duka. Kisha mwacheni kila mmoja aeleze alichokiona. Hakuna mwalimu atakayewaeleza vizuri zaidi ya hapo.

Tuhesabu pamoja

Wataalamu wa hali ya hewa hupima mvua kwa milimita. Tusiogope neno hilo. Mvua ya milimita moja ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Hesabu ni hiyo tu.

Ukanda wetu wa pwani hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka, na kadiri tunavyoingia bara, kama Ganze, hupungua. Mwezi wa Mei ndio wenye mvua nyingi zaidi, na mvua ya milimita 50 kwa siku moja si ajabu kwetu. Basi tuitumie hiyo.

Nyumba ya mabati ya mita 10 kwa mita 6 ina paa la mita 60 za mraba. Zidisha mara 50. Utapata lita 3,000, yaani mitungi 150 ya lita 20, kutoka nyumba moja kwa siku moja.

Kilomita moja ya barabara ya lami yenye upana wa mita 6 ni mita 6,000 za mraba. Zidisha mara 50. Ni lita 300,000, sawa na malori 30 ya maji ya lita 10,000 kila moja.

Sasa tuchukue uwanja wa soko wa ekari moja, ambao ni mita 4,000 za mraba na ushei. Mvua ile ile inaumwagia malori 20. Ukiwa mchanga tambarare wenye nyasi, maji yatakayotoka hapo mwanzoni huenda yasizidi malori 2. Uwanja huo huo ukitandikwa lami, yatatoka kama malori 18. Mvua haikuongezeka hata tone. Tulichobadilisha ni ardhi.

Maji haya humwendea nani?

Tuchukue mfano wa mama mmoja, tumwite Kadzo. Nyumba yake ya udongo iko mteremkoni, chini ya kituo cha biashara. Kwa miaka mingi mvua ya Mei ilimletea kidimbwi uani, kikakauka baada ya siku mbili. Kisha jirani wa juu akaezeka bati. Mwingine akatia saruji uani ili asikanyage matope. Mwenye duka akakata miti apate mahali pa kuegesha magari. Barabara ikainuliwa, ikatiwa lami, na mabomba yake yakatobolewa kuelekea upande wa mteremko. Wote walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi.

Mvua iliyofuata ilipokuja, maji ya wote yalikutana mlangoni pa Kadzo. Choo chake kikajaa, ukuta ukalowa mpaka ukabomoka, magunia ya mahindi yakaoza. Na watu wakasema: "Huyu mama naye, kwa nini alijenga bondeni?" Lakini Kadzo hakujenga mkondoni mwa maji. Mkondo ndio uliohamishiwa kwake.

Hapo ndipo tunataka tuelewane, ndugu zetu. Ukimwuliza kila mmoja wa juu, atasema maji yake ni kidogo, na anasema kweli. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki amebebeshwa asiye na uwezo wa kukibeba. Uwezo wa kujenga huko juu wanao wachache, hasara ya huko chini ni ya maskini. Hiyo si bahati mbaya, ni jambo la haki.

Hata sisi sote wa pwani tuko katika hali ya Kadzo tukitazama nchi nzima. Maji ya Mto Nairobi huingia Mto Athi. Athi ukikutana na Mto Tsavo huitwa Galana, na ukikaribia bahari tunauita Sabaki, unaomwaga maji kaskazini ya Malindi. Mvua zilipofurika mitaa kama Mathare mwezi wa Aprili 2024, njia ya maji hayo ilikuwa ni kuja kwetu. Ni kweli kwamba wingi wa maji ya Sabaki hutoka katika ardhi pana ya bara na si katika lami ya Nairobi peke yake. Lakini mnaona jinsi mambo yalivyo: kila mtu ana mtu wa chini yake.

Na hasara haiishii nyumbani kwa mtu mmoja. Wakati wa mvua za El Niño, mwezi wa Novemba 2023, maji yaliikata barabara kuu ya Mombasa na Malindi pale Mbogolo. Mgonjwa aliyekuwa safarini alikwama pamoja na mfanyabiashara wa nyanya.

Mafuriko leo, kiu kesho

Watu wengi huona mafuriko, lakini hawaoni jambo la pili. Maji yaliyokimbia juu ni maji ambayo hayakushuka chini. Kisima hujazwa na mvua iliyozama. Tukiifunika ardhi yote, tunaifunga njia ya kisima. Na kwetu pwani kuna hatari nyingine zaidi: maji matamu yaliyo chini huelea juu ya maji ya chumvi yanayoingia kutoka baharini. Maji matamu yakipungua huku tukiendelea kuvuta kwa pampu, chumvi hupanda. Wako wanaochota leo maji ambayo hata chai haikubali.

Mji wa kale wa Gede, uliohamwa katika karne ya 17, uliishi kwa visima. Ukienda kutazama magofu utaviona. Wako wataalamu wanaodhani kwamba kukauka kwa visima hivyo ni moja ya sababu za watu kuhama. Mji unaweza kuwa na kuta za mawe na misikiti mizuri, lakini kisima kikikauka, wenyewe huondoka.

Maji haya pia hubeba uchafu. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huosha barabara: mafuta ya magari, kinyesi cha mifugo, takataka za soko. Yakiingia chooni na kutoka, hubeba vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo mpaka kisimani, na mawe ya matumbawe yana nyufa zinazoyapitisha upesi bila kuyachuja. Yakisimama katika mtaro ulioziba, mbu anayeeneza matende huzaliana humo. Yakifika baharini hupeleka tope na mafuta kwenye matumbawe ambako samaki huzaliana. Basi mvuvi naye yumo katika habari hii.

Tufanye nini?

Shabaha yetu ni moja: tuyashike maji pale yanapoanguka, tuyapunguzie mwendo, tuyazamishe, na yanayobaki tuyaongoze bila kumwumiza mtu.

1. Tuanze na paa. Sasa ile faida ya bati. Wekeni gata na tangi. Kikundi chenye mzunguko wa fedha kinaweza kumwekea mwanachama mmoja baada ya mwingine. Acheni maji ya dakika za mwanzo yaoshe paa kwanza, kisha yaelekezeni kwenye tangi. Tangi lifunikwe vizuri, kwa sababu mbu wa homa ya dengue hupenda maji safi yaliyosimama.

2. Tuchimbe shimo la kunyonya. Tangi likijaa, maji yanayomwagika yaende shimoni. Shimo la urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na kina cha mita 1, likijazwa mawe, hushika kama lita 800 kwa mara moja, huku likiendelea kunyonya. Liwe mbali na msingi wa nyumba, angalau mita 5, na mbali na kisima na choo, angalau mita 30. Liingie maji ya paa tu. Maji ya barabarani na ya jikoni yasiingie humo, maana tutakuwa tunakitilia kisima sumu. Na mkichimba mkakuta maji, simameni, hapo hapafai.

3. Tuache ardhi ipumue. Si lazima uwanja wote uwe saruji. Tieni saruji pale watu na magari wanapopita, pengine pabaki nyasi na miti. Kabro zilizopangwa juu ya mchanga huacha maji kidogo yapite kwenye viungo, saruji iliyomwagwa haiachi hata tone. Kwenye mteremko chimbeni makinga maji yanayokata mteremko, na juu ya tuta pandeni nyasi. Palipo na maji mengi ya uani, pandeni migomba.

4. Tusafishe mitaro kabla ya mvua. Machi kabla ya mvua ya mwaka, na Septemba kabla ya vuli. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, lakini chupa, matambara na maganda ya madafu bado yanaziba mitaro. Mchanga ukishatolewa usirundikwe ukingoni, mvua itaurudisha. Uchukuliwe mbali.

5. Tuupime wenyewe. Kikundi kiweke kopo lenye kuta zilizonyooka mahali pa wazi, na rula. Kila asubuhi kijana mmoja apime na kuandika daftarini. Baada ya miaka miwili mtakuwa na ushahidi wa kuuweka mezani, si maneno matupu.

Kazi ya serikali ni ipi?

Kikundi hakiwezi kujenga mtaro wa kilomita nzima, wala si kazi yake. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inasema wazi kwamba mifumo ya maji ya mvua katika sehemu zilizojengwa ni kazi ya kaunti. Barabara kuu, kama ile ya Mombasa kwenda Malindi, ziko chini ya serikali ya kitaifa. Basi tujue ni mlango gani wa kubisha, tusije tukazungushwa kutoka ofisi hadi ofisi.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hutakiwa kufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka, na wananchi wana haki ya kutoa maoni kabla hayajapitishwa. Msiende mikono mitupu. Nendeni na daftari la mvua, kumbukumbu za mikutano, na orodha ya nyumba zilizoingiwa na maji.

Na mkandarasi akija na michoro ya barabara au uwanja wa soko, wengi watauliza: "Itakwisha lini? Vijana wetu watapata kazi?" Hayo ni maswali mazuri. Lakini pawe na mtu mmoja wa kuinua mkono na kuuliza: "Mtaro huu unaishia wapi?" Mtaro usio na mwisho unaofaa hauondoi mafuriko, unayahamisha tu. Akijibu "kule chini", aulizwe tena: "Kule chini kwa nani?" Mkipata jina la mtu, kazi ya michoro haijakwisha. Arudi mezani.

Swali hilo halihitaji cheti wala fedha. Linahitaji mtu anayemkumbuka Kadzo wakati wenzake wanapiga makofi. Na liulizwe kabla lami haijamwagwa, maana baada ya hapo kila jibu ni ghali.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, ni nyumba zipi zinazoingiwa na maji leo ambazo miaka kumi iliyopita hazikuingiwa? Ni nini kilichojengwa upande wa juu?

2. Maji ya paa la kila mmoja wetu humwendea jirani gani? Tumewahi kumwuliza?

3. Visima vyetu vimebadilikaje, kwa kina na kwa ladha?

4. Ni jambo gani moja tunaloweza kulimaliza kabla ya mvua ijayo, nani atalisimamia, na tarehe gani?

Tunaomba kila kikundi kiandike majibu yake, hasa ya swali la nne, na kuyaleta katika mkutano ujao.